rclone na eksteno yangu ya 2TB: wiki nzima ya kuaplodi mpaka faili la mwisho

Jamani naiandika hii ikiwa bado ya moto maana najua kuna mtu mahali fulani anaitazama eksteno yake (diski ya nje ya kuchomeka) sasa hivi anasema nitahamisha kesho. Yangu ni ya 2TB, ndani ilikuwa na kama 1.7TB, picha za miaka yote, video za familia, nyaraka za kazi, rekodi za sauti za marehemu bibi yangu akisimulia hadithi, yaani maisha yote yako humo, halafu siku moja nikaichomeka ikaanza kulia tik tik tik kabla ya kufunguka. Aliyewahi kupoteza diski anaijua hiyo sauti. Nikasema basi, huu mzigo unapanda klaudi, yaani hifadhi ya mtandaoni, wiki hii hii, nafasi ya 2TB nilishailipia zamani na ilikuwa imekaa tupu.

Nikaanza na brauza kama wengi tunavyoanza. Nimefungua ukurasa wa klaudi, kampuni sitaitaja, nikaburuta foda ya picha nikaiachia pale ikaanza kuhesabu, nikaenda kulala. Asubuhi nakuta imeandikwa imekamilika, roho ikatulia kabisa. Sijui nini kilinituma nihesabu, ila nikahesabu. Kwenye diski foda ile ina mafaili 41,312, kule juu yapo 40,975. Mafaili 337 hayapo. Yapi? Hakuna orodha, hakuna ujumbe wa kosa, hakuna alama nyekundu popote, ni wewe ufungue foda moja moja ulinganishe kwa macho. Polepole ningevumilia, lakini kutojua nini kimebaki njiani, hapana, hilo lilininyima usingizi kweli.

Nikajaribu programu ya kusawazisha, ile unayoinstoli kwenye kompyuta inajikalia pembeni ya skrini. Ni nzuri kwa nyaraka za kila siku na sina ugomvi nayo. Ila kwa mzigo wa namna hii ilitaka kwanza inakili mafaili kwenye diski ya ndani ndipo iyapandishe, na laptopu yangu ina 256GB tu, mara nafasi ikajaa, kompyuta ikawa nzito, ikabidi niisimamishe. Ndipo nikaja kwenye rclone, na review yenyewe inaanzia hapa.

rclone ni programu ya bure, msimbo wake (code) uko wazi kwa yeyote kuusoma, aliyeianzisha anaitwa Nick Craig-Wood na imeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Go. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, unadaunlodi faili moja tu na hata kuinstoli si lazima. Inaongea na huduma zaidi ya 70 za kuhifadhi, Google Drive, OneDrive, Dropbox, Amazon S3, Backblaze B2 na nyingine ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia. Haina vitufe. Unaandika komandi kwenye kile kidirisha cheusi (Command Prompt au Terminal), basi. Najua hapo wengine mshataka kuondoka, ila subirini kidogo, komandi nilizotumia wiki nzima hazifiki tano.

Kuiunganisha na akaunti unaandika rclone config, inakuuliza maswali, unaipa muunganisho jina (mimi nimeuita gdrive), unachagua huduma kwa namba, halafu inakufungulia brauza unaingia kwenye akaunti yako kama kawaida na kukubali. Paswedi yako rclone haiioni, inapewa ufunguo tu. Lakini ufunguo huo unakaa ndani ya faili linaloitwa rclone.conf na mtu akilipata hilo faili anaingia kwenye klaudi yako bila kuulizwa chochote, kwa hiyo usilitume kwa mtu na usiliache kwenye kompyuta ya kuazima. Unaweza kuliwekea paswedi humo humo kwenye config, mimi nimeiweka. Kwa wa Google Drive kuna jambo jingine, rclone ikija inatumia kitambulisho (client ID) ambacho watumiaji wake wote duniani wanachangia, sasa foleni yake unaijua mwenyewe. Tengeneza chako. Ni kazi ya kubofya bofya kama dakika 20 hivi na maelezo yapo kwenye tovuti yao hatua kwa hatua, usiruke hii hatua.

Komandi yenyewe ndiyo hii:

rclone copy E:\Picha gdrive:Picha -P --log-file kumbukumbu.txt --log-level INFO

Yaani nakili kutoka E:\Picha (E: ndiyo eksteno yangu) peleka gdrive kwenye foda ya Picha, -P inakuonyesha maendeleo, na kila kinachotokea kiandikwe kwenye faili la kumbukumbu. Kumbukumbu! Hiyo peke yake mimi ilinitosha kuipenda. Faili likikwama linaandikwa jina lake na sababu ya kukwama. Baada ya yale mafaili 337 niliyoyatafuta kwa macho, kuona orodha yenye majina nilihisi kama mtu kanitua mzigo kichwani.

Sasa tuongee kasi maana hapa ndipo watu wanajidanganya, na mimi nilijidanganya pia. Namba mnayotangaziwa ya intaneti mara nyingi ni ya kushusha, ya kupandisha huwa ni nyingine na mara nyingi ni ndogo zaidi, pimeni ya kupandisha. Halafu ile ni megabiti na faili linapimwa kwa megabaiti, baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo mtu mwenye megabiti 10 za kupandisha, 1TB inamchukua siku 9 na zaidi, mchana na usiku bila kusimama. Mwenye 100 ni kama saa 22. Yangu ni 40, nikapiga hesabu kwa 1.7TB nikapata siku 4 kasoro kidogo, nikapanga ratiba yangu vizuri kabisa.

Zikawa siku 7.

Sababu moja ni kubana kasi mchana, hiyo nitaieleza chini, nyingine ni mafaili madogo. Hili jambo halisemwi vya kutosha. Tunadhani uzito ndio unaochelewesha, kumbe idadi nayo inakula muda wake. Kila faili, hata la kilobaiti moja, lina salamu zake, linaombewa ruhusa, linafunguliwa, linapelekwa, linathibitishwa, linafungwa. Google Drive wana kikomo na nyaraka za rclone zenyewe zinasema utapata kama mafaili mawili kwa sekunde hivi. Mimi nilikuwa na mafaili zaidi ya 200,000. Gawa kwa mbili, hiyo ni sekunde 100,000, karibu saa 28, hata kama yote yangekuwa matupu! Ukiangalia skrini unaona video ya 6GB inapita kwa kasi yote, halafu ikifika foda ya kazi za zamani yenye vifaili vidogo vidogo kasi inaporomoka mpaka unadhani intaneti imekatika. Haijakatika. Ni vifaili tu.

Nilichofanya, foda moja ya kazi za zamani ilikuwa na mafaili kama 90,000 ambayo sijayafungua miaka, nikaizipu yote ikawa faili moja, ikapita kama maji. Ila picha na video sikuzizipu na siwashauri, JPEG na MP4 zilishabanwa tayari hivyo hazipungui chochote cha maana, na ukishazizipu huwezi tena kuiona picha moja kwenye simu mpaka ushushe zipu nzima. Zipu ni ya makabrasha ya zamani, picha ziacheni zilivyo.

Kuna watu wataniambia ongeza --transfers, hiyo ni idadi ya mafaili yanayopanda kwa wakati mmoja, kawaida ni 4. Nilijaribu 16. Diski yangu ni ile ya sahani inayozunguka, ukiiomba mafaili 16 kwa pamoja sindano yake inarukaruka huku na huku, na diski iliyoanza kulia siyo ya kufanyiwa hivyo. Nikarudi 4. Na kabla hujaenda kununua waya mpya wa USB kwa kudhani ndio tatizo, USB 2.0 ya zamani kabisa ina megabiti 480 kwenye karatasi, hata ukipata nusu yake bado ni zaidi ya intaneti ya wengi wetu ya kupandisha. Shingo ya chupa iko kwenye intaneti, siyo kwenye waya.

Wenye intaneti ya nguvu nyie mna kizuizi chenu. Google Drive inaruhusu akaunti moja kupandisha 750GB kwa siku, ukizifikisha unaambiwa subiri. Kwa 40 zangu sikuwahi hata kulikaribia hilo, hata kasi ikiachiwa yote ni kama 430GB kwa siku, lakini kuanzia megabiti 70 hivi mfululizo utaligonga. Weka --drive-stop-on-upload-limit ili rclone isimame yenyewe badala ya kugonga mlango uliofungwa usiku kucha. OneDrive wao faili moja lisizidi 250GB, na kuna herufi hawazitaki kwenye majina, nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota na kadhalika, rclone inazibadilisha yenyewe kwa herufi zinazofanana ili faili lisikataliwe.

Majumbani tunaishi na watu wengine pia. Siku ya kwanza nilikula intaneti yote, kila mtu analalamika video haifunguki. Kuna --bwlimit, na uzuri wake unaweza kuipa ratiba, mimi niliweka --bwlimit "07:00,2M 23:00,off" yaani kuanzia saa moja asubuhi itumie 2M, kuanzia saa tano usiku ijiachie. Angalieni lakini, hiyo 2M ni megabaiti kwa sekunde siyo megabiti, kwa hiyo ni kama megabiti 16 na ushee. Nyumba ikatulia.

Halafu laptopu isilale. Zima kulala, zima na ile ya Windows inayozima USB kuokoa umeme, la sivyo unaamka diski imejitenga na kazi ilisimama saa nane usiku. Eksteno iweke juu ya meza wazi isipate joto, siyo kitandani wala juu ya laptopu. Mimi umeme ulikatika mara mbili na intaneti sikuhesabu ni mara ngapi, na hapa ndipo rclone imenifurahisha sana, unarudia komandi ile ile, inalinganisha ukubwa na tarehe, vilivyokwisha kupanda inaviruka, inaendelea na vilivyobaki. Huna haja ya kukumbuka uliishia wapi. Udhaifu wake upo hapo hapo pia na niseme ukweli, faili lililokuwa katikati wakati wa kukatika linaanza upya kutoka sifuri. Kwa picha hutasikia kitu. Kwa video ya 30GB iliyofika asilimia 90 utaumia, kwa hiyo makubwa kabisa yapandisheni wakati ambao mna uhakika na umeme.

Sasa onyo, na hili naomba msilipitie haraka. Kuna rclone copy na kuna rclone sync. Copy inaongeza, na faili lililobadilika inaliandika upya, ila haifuti kilichoko kule juu tu. Sync inaifanya klaudi ifanane na diski, maana yake kilichoko klaudi na hakipo kwenye diski KINAFUTWA. Fikiria diski yako haijafunguka vizuri, kwenye Mac au Linux pale inapokaa pamebaki foda tupu, wewe ukapiga sync. rclone inaona chanzo kitupu, inatii, inakufanya uwe mtupu kote kote. Mtu anayehamisha mzigo mara moja hana sababu ya kuigusa sync. Na hata kwa copy, anzeni na --dry-run, inakuonyesha ingefanya nini bila kufanya chochote. Mimi dry-run iliniokoa, niliona nataka kupandisha foda ya takataka za mfumo na mafaili ya .DS_Store na Thumbs.db, yale ambayo kompyuta inajitengenezea yenyewe, maelfu kwa maelfu, nikayaondoa kwa --exclude, hayo peke yake ni masaa kadhaa niliyookoa.

Siku ya saba jioni ikaniambia imemaliza. Zamani ningefurahi nikafunga. Safari hii nikapiga hii:

rclone check E:\Picha gdrive:Picha --one-way

Hii ndiyo sababu ya review yote hii. Hiyo --one-way maana yake angalia tu kama kila kilichoko kwenye diski kipo klaudi. Check haiangalii jina tu, inasoma faili kwenye diski, inakokotoa alama yake ya vidole, inalinganisha na alama ambayo klaudi inayo kwa faili lile lile. Google Drive inatunza alama ya aina inayoitwa MD5, Dropbox wana ya kwao, OneDrive wana ya kwao, rclone inazijua zote inapiga hesabu inayofaa. Haidaunlodi kitu kwa hiyo intaneti haiumii, ila diski inasomwa yote upya, kwangu ilichukua saa tano na kitu kwa foda zote. Nilikaa nayo. Kweli, nilikaa pale nikiangalia namba zinapanda.

Ikatoa tofauti 14. Kumi na moja yalikuwa mafaili yaliyokwama siku ya umeme kukatika, nikarudia copy yakapanda. Matatu yaliyobaki yalikuwa na kosa la kusomeka, yaani diski yenyewe imeshachakaa pale yalipo, faili lina jina na ukubwa lakini ndani halisomeki. Mojawapo lilikuwa rekodi ya bibi.

Nisingelijua hilo. Kwa njia ya brauza ningekuwa nimefuta diski wiki ile ile nikiamini bibi yuko klaudi salama. Nikatafuta nakala, mpwa wangu alikuwa nayo kwenye simu ya zamani, nilimtumia miaka ile, akanitumia nikaiweka. Jingine nililipata kwenye flashi. La tatu, picha moja ya kazini, limekwenda, nimekubali.

Mengine haraka haraka. Kuna kitu kinaitwa crypt, kinafunga mafaili kwa siri kabla hayajaondoka kwenye kompyuta, hata majina hayasomeki kule juu. Nimekitumia kwa nyaraka za vitambulisho na benki tu, kwa sababu ukikitumia kwa picha huwezi kuziangalia kwenye aplikesheni ya klaudi, na ukisahau paswedi hakuna wa kumlilia, hata wenye rclone hawawezi kukusaidia. Kuilinganisha foda ya namna hiyo unatumia cryptcheck badala ya check. Google Drive pia inakubali mafaili mawili yenye jina moja kwenye foda moja, kama ulishaanza kwa brauza halafu ukaja huku unaweza kukuta marudio, kuna rclone dedupe ya kuyasafisha, soma kwanza kabla ya kuipiga.

Wasiotaka kabisa kidirisha cheusi, Cyberduck ni ya bure pia na ina vitufe, unaburuta unaachia, kwa GB 50 au 100 inatosha kabisa. Juu ya hapo mimi sirudi kwenye kuburuta. Na kama mzigo wako ni wa makumi ya TB, kaa chini upige hesabu ya siku kwanza, maana hata Amazon mwaka 2015 walileta Snowball, sanduku la diski ambalo mteja alilijaza kisha likasafirishwa kwa gari kwenda kwao, kwa sababu kuna kiasi ambacho barabara inaishinda intaneti.

Mnataka nyota? Nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa lile la faili kuanza upya na kwa maelezo yao ambayo ni mengi na mazuri lakini yanamtisha mgeni, sentensi ya onyo kuhusu sync ingestahili kuwa kubwa kuliko jina la programu. Vingine vyote imenilipa, na haijaniomba hata senti.

Eksteno sijaifuta. Nimeichomoa, nimeiweka kwenye kabati na karatasi yenye tarehe, mpaka ninunue nyingine ninakili na huko. Jana usiku nimepiga check mara ya mwisho kwenye foda ya bibi, nikasubiri, ikaandika 0 differences found, nikafungua simu nikaisikiliza ile rekodi kutoka klaudi mpaka mwisho.